Jiwe la Kwanza: Maswali na Majibu ya Marudio kwa Mzazi Anayempeleka Mtoto Kukwea Mawe Ufipa

MAELEKEZO

Karatasi hii ina sehemu nne. Jibu maswali yote kabla ya kufunga mizigo. Mtahiniwa ni mzazi. Mtoto hana mtihani. Kazi yake siku hiyo ni kucheza, na akichoka aseme. Mfano wetu ni familia ya Sumbawanga mjini inayokwenda kupiga kambi upande wa Mwimbi kwa siku tatu na kulala hemani siku mbili, wakati wa likizo ya Juni, ikiwa na mtoto wa miaka 8 ambaye hajawahi kukwea jiwe mbele ya mtu mzima aliyejiandaa. Nimesema hivyo makusudi. Watoto wengi wa huku wamekwisha kukwea mawe peke yao, wakichunga au wakitumwa kuni. Kipya katika safari hii ni sisi kuwepo.

SEHEMU A: MAHALI NA MAJIRA

1. Mwimbi ipo wapi, na ardhi yake imekaaje? (alama 4)

Jibu: Mwimbi ni kata ya Wilaya ya Kalambo, wilaya yenye makao makuu Matai, katika Mkoa wa Rukwa. Ipo juu ya uwanda wa Ufipa, ule mgongo wa nchi ulioinuliwa kati ya mashimo mawili ya Bonde la Ufa: Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Sumbawanga mjini ni kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo koti la mtoto si anasa.

Miamba ya msingi ya uwanda huu ni ya kundi ambalo wanajiolojia huliita Ubendi, yenye umri wa takribani miaka bilioni 2. Mingi ni miamba geu, yaani iliyopikwa na kubanwa chini ya ardhi mpaka ikabadilika, na naisi ni mmojawapo. Anayekwea huipenda naisi kwa sababu ya michirizi yake, kwani sehemu laini huliwa kwanza na mvua na upepo, ngumu hubaki zimetokeza, na hapo vidole hupata ukingo. Mwamba huu hujitokeza pale udongo ulipooshwa, kwenye migongo ya vilima na kando ya vijito.

2. Tarehe 13 Desemba 1910 inamhusu nini mzazi wa leo? (alama 3)

Jibu: Siku hiyo eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa takribani 7.4, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyowahi kurekodiwa Afrika. Bonde la Ufa bado linapanuka na ardhi yake haijatulia. Jiwe lililokaa juu ya jiwe jingine, hata kama babu yako alilikuta hapo, halina hati ya kudumu. Kwa mtoto chagua jiwe lililozama ardhini au lililoungana na mwamba mama. Lile lililosimama kwa ncha kama chungu juu ya mafiga, lipigeni picha tu.

3. Kwa nini Juni? (alama 2)

Jibu: Mvua za Ufipa huanza Novemba na kuisha kuelekea Mei. Juni jiwe limekauka, kuvu na ndago zimenyauka, na shule zimefungwa. Ubaya wake ni baridi ya usiku na nyasi kavu, na yote mawili yanarudi katika swali la 10.

4. Kweli au si kweli: Maporomoko ya Kalambo ni mahali pazuri pa jiwe la kwanza la mtoto. (alama 1, na maelezo alama 4)

Jibu: Si kweli. Maji ya Kalambo huanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, mpakani mwa Tanzania na Zambia, na kingo zake hazimsamehi mtu aliyeteleza. Hapo mtoto hushikwa mkono, hakwei.

Lakini kumpeleka kuangalia, siku ya tatu, mkiwa mmemaliza mawe yenu, hilo ninaliunga mkono kwa moyo wote. Juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, mwanaakiolojia J. Desmond Clark alianza kuchimba mwaka 1953. Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza kwamba huko kumepatikana magogo mawili yaliyochongwa yakapachikana, yenye umri wa takribani miaka 476,000, kazi ya mikono iliyotangulia kuwapo kwa binadamu wa aina yetu. Mwambie mtoto hivyo akiwa bado na michubuko midogo vidoleni. Binti yangu aliposikia alivigeuza viganja vyake akavitazama muda mrefu, kisha akauliza kama watu wale walikuwa na watoto. Walikuwa nao.

SEHEMU B: RUHUSA

5. Umefika kijijini na gari lina hema na magodoro. Unakwenda wapi kwanza, na unauliza nini? (alama 10)

Jibu: Ofisi ya kijiji. Unamwona mtendaji au mwenyekiti, unaeleza mmetoka wapi, mko wangapi, mtalala siku ngapi. Baba au mama asiende peke yake akamwacha mtoto garini. Mtoto aende, aamkie, asikike. Kijiji kinachomjua mtoto wako kwa jina kitamtafuta akipotea.

Baada ya hapo uliza kuhusu mawe, na umwulize mzee, si kijana wa bodaboda aliyewaelekeza njia. Mazungumzo yetu sisi yalikuwa mafupi:

“Shikamoo, babu.”
“Marahaba, wanangu. Mnatafuta madini?”
“Hapana, babu. Tunataka mtoto apande mawe, acheze. Tumekuja kuuliza yapi tusiyaguse.”

Mzee alinyamaza kidogo, akasimama, akatuonesha kwa fimbo. Lile la kule lina nyuki. Lile la katikati ni la watu wa zamani, msilisogelee. Yale ya chini, ya karibu na shamba la fulani, chezeni, ila pitieni mpakani msikanyage maharage. Hakuna ramani ambayo ingetupa maneno hayo matatu.

Swali la kumwuliza mzee ni hilo hilo: yapi tusiyaguse. Ukiuliza “yapi mazuri” utaoneshwa makubwa na marefu, kwa sababu mgeni huoneshwa kilicho kikubwa. Vilima na mawe mengi ya nchi hii yalikuwa mahali pa kutambikia, na mengine bado. Kama jiwe lina michoro ya kale usiliguse hata kwa kiganja, kwani jasho na mafuta ya mkono huharibu rangi iliyodumu karne nyingi. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, imetufundisha thamani ya vitu hivi.

Ukitaka kwenda kwenye msitu wa hifadhi, kama ule wa Mbizi juu ya Sumbawanga wenye mbega wekundu, ruhusa ya kijiji haitoshi. Unawaona Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mtahiniwa anayesahau tofauti hiyo apoteze alama 3.

SEHEMU C: VIFAA NA KAMBI

6. Kukwea mawe ni nini, na kunatofautianaje na kupanda mlima? (alama 3)

Jibu: Ni kukwea jiwe fupi bila kamba, ukitegemea mikono, miguu, godoro chini na mtu wa kukukinga. Msitu wa Fontainebleau karibu na Paris, Ufaransa, ndio uliojulikana mapema zaidi kwa mchezo huu. Kwa majirani zetu Kenya, wanachama wa Mountain Club of Kenya, iliyoundwa mwaka 1949, wamekuwa wakienda kilima cha Lukenya nje ya Nairobi kwa miaka mingi. Ukweaji uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza kwenye michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, na mawe mafupi yalikuwa sehemu yake.

Jambo moja la Fontainebleau nataka ulikumbuke mpaka swali la 11. Kule kuna mizunguko ya mawe iliyowekewa alama za rangi, na mzunguko mweupe ni wa watoto. Mtoto hukwea jiwe dogo, anashuka, anafuata jiwe linalofuata.

7. Eleza jinsi ya kutengeneza godoro la kuangukia, na mipaka yake. (alama 12)

Jibu: Godoro la dukani la mchezo huu lina matabaka mawili. Juu kuna sponji ngumu na nyembamba, ya kutawanya uzito wa anayeanguka. Chini kuna sponji laini na nene, ya kumeza kishindo. Watu wengi hudhani kulala laini ndiyo kuanguka salama. Godoro la kitandani peke yake, kisigino kikitua, huzama mpaka chini na mguu unalikuta jiwe lile lile ulilolikimbia.

Kwa hiyo: chukua godoro la sponji la inchi 6, la futi 3 kwa 6. Juu yake weka mikeka migumu ya sponji, ile ya vipande vinavyopachikana ambayo watoto wadogo huchezea sakafuni. Mpelekee fundi cherehani akushonee mfuko wa turubai unaobana vyote viwili, na mikanda ya kubebea mgongoni. Ukiweza, pata magodoro mawili. Ukiyapanga, yafunge yasiachane, maana mwanya kati ya godoro na godoro ndio unaovunja kifundo cha mguu. Funika maungio kwa mkeka mwingine.

Kabla hayajatoka nyumbani, panda wewe kwenye stuli uruke juu yake. Ukihisi sakafu, mtoto wako naye ataihisi.

Sasa mipaka. Godoro la kujitengenezea halijapimwa na mtaalamu yeyote, kwa hiyo urefu wa jiwe ndio breki yako. Miguu ya mtoto isipite kiuno cha mtu mzima aliyesimama chini. Najua utasema ni kidogo. Kwa mtoto wa miaka 8 kichwa chake hapo kimepita chako, anakutazama kutoka juu kwa mara ya kwanza tangu uache kumbeba mabegani. Si kidogo.

8. Je, chaki ya darasani inafaa kukaushia mikono? (alama 2)

Jibu: Hapana. Wanaokwea hutumia unga wa kaboneti ya magnesi, ambao hunyonya jasho. Chaki ya ubaoni kwa kawaida ni jasi au chokaa. Hutoa vumbi na utelezi. Mtoto anayeanza hahitaji chochote. Ajifute mikono kwenye kaptula.

9. Viatu? (alama 2)

Jibu: Raba zinazobana vizuri na zenye soli nyembamba. Ndala na yeboyebo zibaki kambini. Peku inakubalika kwa mtoto aliyezoea, jiwe likiwa safi na asubuhi isiwe ya baridi sana.

10. Panga kambi: mahali, moto, chakula, usingizi. (alama 8)

Jibu: Hema liwe mbali na kijito kiasi cha kutosikia mbu na karibu kiasi cha kubeba ndoo bila kugombana. Lisiwe chini ya jiwe wala chini ya mti mkavu. Maji yachemshwe.

Moto ni jambo zito mwezi huu. Nyasi za Ufipa Juni zinaanza kuwa kiberiti, na moto mmoja uliotoroka unaweza kula malisho ya kijiji kizima. Fyeka na kwangua duara mpaka udongo uonekane, weka mafiga katikati, ndoo ya maji pembeni, na usiku msilale makaa yakiwa mekundu. Kama upepo ni mkali, pikeni kwa jiko la gesi dogo au kuleni vya baridi.

Chakula sina haja ya kukufundisha. Uji wa ulezi wenye karanga asubuhi, mapema, kwa sababu mtoto mwenye njaa hulia jiweni na mzazi hudhani ni woga. Mchana ndizi na mayai ya kuchemsha. Jioni ugali, maharage na migebuka mikavu kutoka Ziwa Tanganyika. Usiku mtoto avae soksi na kofia, na chini ya godoro la kulalia liwepo turubai, kwa maana baridi ya ardhini hupenya kuliko ya hewani. Magodoro ya kuangukia nayo hulaliwa. Hiyo ni faida ambayo haiandikwi popote.

SEHEMU D: JIWENI

11. Chagua jiwe. (alama 15)

Jibu: Anza kuangalia chini. Mzazi anayefika na kuinua shingo kutazama kilele ameshaanza vibaya. Ardhi ya kuangukia iwe tambarare, isiwe na visiki wala mawe madogo, na isiishie kwenye mteremko. Ondoa kwa mkono kila kinachoondoka. Kukiwa na kisichoondoka, likatae jiwe hilo.

Pili, tafuta njia ya kushukia kabla ya njia ya kupandia. Zunguka nyuma. Jiwe zuri la mtoto lina mgongo ulioteremka ambao anaweza kuushuka akitembea au akikaa. Kama njia pekee ya kushuka ni ile ya kupandia, basi afundishwe kuishuka kabla hajafika juu.

Tatu, gonga. Piga kwa ngumi kila ukingo anaoweza kuushika. Jiwe zima hujibu kimya; bamba lililoachana na mwamba hulia kama ngoma. Vuta, sukuma, kanyaga wewe kwanza.

Nne, angalia nyufa, lakini usiingize mkono. Swali la 14.

Sasa rudi Fontainebleau. Tafuta mawe matano au sita madogo yaliyo karibu karibu, mengine ya kimo cha meza, uyafanye mzunguko. Mtoto ayape majina mwenyewe. Usipake rangi, hapa si kwetu, na alama ya rangi hukaa miaka. Majina yanatosha. Binti yangu aliyaita Ngamia, Keki, Bibi Amelala na Shule, na usiku ule kwenye hema aliyataja kwa mpangilio mpaka usingizi ukamchukua. Jiwe moja kubwa lingempa kumbukumbu moja, ya kushinda au kushindwa.

12. Taja kazi ya mkingaji. (alama 6)

Jibu: Mtahiniwa atakayeandika “kumdaka mtoto” apewe sifuri. Mtu hadakwi. Mkingaji husimama nyuma ya mtoto, mguu mmoja mbele, magoti yamelegea, mikono juu, vidole vimeungana na gumba limejificha pembeni yake, macho kwenye kiuno cha mtoto. Mtoto akianguka, unausukuma mwili wake uelekee godoroni na kuhakikisha miguu inatangulia, kichwa na shingo haviguswi na kitu. Mkingaji hashiki simu. Picha ipigwe na mwingine, au isipigwe.

13. Mtoto hufundishwaje kuanguka? (alama 4)

Jibu: Kabla ya kukwea, akiwa amesimama kimo cha goti. Anaruka, anatua kwa miguu miwili, magoti yanakunjwa, anajiviringisha mgongoni, mikono imekumbatia kifua. Kosa la kawaida ni kutanguliza mkono nyuma, na hapo ndipo vifundo vya mkono huvunjika. Arudie mara kumi, acheke. Ongeza hili: asining'inie kwa ncha za vidole kwenye kingo nyembamba hata kama anaweza, kwa sababu mifupa ya vidole vya mtoto bado inakua na sehemu inayokua ni dhaifu kuliko kano. Apewe mishiko ya kujaza kiganja.

14. Wenyeji wa jiwe ni nani? (alama 4)

Jibu: Pimbi, mijusi, nge, nyoka na nyuki. Kifutu hatoki njiani kwa kelele. Hulala akidhani hujamwona, kwa hiyo fimbo itangulie mguu kwenye nyasi. Mkono hauingii mahali ambapo jicho halijafika. Mkisikia mvumo kwenye ufa, ondokeni kimya. Nyuki wakitoka, kimbieni mbali bila kupunga mikono, na miiba ikwanguliwe haraka. Nyoka akiuma: mtulize mtoto, kiungo kisisogezwe, usichanje, usinyonye, usikaze kamba, na gari liwake kuelekea hospitali.

15. Mtoto ameanguka na kujigonga kichwa. Anacheka, anataka kuendelea. (alama 5)

Jibu: Haendelei. Siku imeisha. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akichanganya maneno au kichwa kikizidi kuuma, anapelekwa hospitali saa hiyo hiyo. Kama shingo inauma asiinuliwe. Ashikiliwe kichwa alivyo mpaka msaada ufike. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa ulitakiwa uulize zahanati iko wapi, nani ana gari, na simu inashika mtandao kwenye kilima kipi. Namba ya dharura ni 112, ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Andika kwenye karatasi, maana betri huisha.

16. Amebakiza mshiko mmoja kufika juu. Anasema, “Mama, nashuka.” Unajibu nini? (alama 20)

Jibu: “Haya, mwanangu, shuka.”

Hilo ndilo jibu, na nimelipa alama nyingi kuliko yote kwa sababu nililikosa. Mimi nilisema, “Kamoja tu, umefika!” Baba yake akasema hivyo hivyo. Akanyoosha mkono, si kwa sababu alitaka, bali kwa sababu tulikuwa wawili na yeye mmoja. Alifika. Tukapiga makofi. Mawe mengine ya siku ile alikataa kuyakaribia, na jioni nilipomwuliza alisema, “Nilikuambia nashuka.”

Mtoto aliye juu ya jiwe anajua mambo ambayo wewe wa chini huyajui: mguu wake unatetemeka, mshiko wake una mchanga, tumbo lake limekaza. Akisema anashuka amekupa taarifa. Mwelekeze kwa sauti ya kawaida: mguu wa kulia, chini kidogo, hapo, sasa wa kushoto. Akifika godoroni usiseme “karibu ungefika”. Mpe maji. Kesho yake binti yangu alirudi kwenye Bibi Amelala bila kuitwa, akalikwea mpaka kimo cha kifua changu, akasema anashuka, akashuka, kisha akakwea tena. Mara hiyo hakuna aliyepiga makofi, na alifika.

17. Eleza taratibu za kuondoka. (alama 5)

Jibu: Majivu yamwagiwe maji mpaka yapoe kiganjani, yafukiwe. Taka zote zirudi mjini, pamoja na maganda ya mayai. Mawe mliyoyaondoa kwenye sehemu ya kuangukia yarudishwe, kwani chini ya mengine kuna wadudu wanaoishi. Mpitie ofisi ya kijiji kuaga, kisha kwa yule mzee. Mtoto ndiye ashukuru, na amwambie majina aliyoyapa mawe, ili mzee amwambie yanaitwaje.